Kujifunza Uuguzi kwa Mwigo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wa uuguzi, wazazi wao na wakufunzi wenzangu hapa Mombasa. Mengine huulizwa darasani, mengine huulizwa ukumbini baada ya mtihani, na machache nimeulizwa ndani ya feri ya Likoni na watu walioona kichwa cha mwanasesere wa mtoto mchanga kikichungulia kutoka mkobani mwangu.

Mafunzo ya mwigo ni nini hasa?

Ni mafunzo ambayo mwanafunzi hutenda kazi ya uuguzi katika hali iliyotengenezwa ifanane na ya wadini, bila ya kuwapo mgonjwa wa kweli atakayeumia iwapo mwanafunzi atakosea. Wengine huyaita simulesheni. Aliye kitandani anaweza kuwa mwanasesere wa plastiki, ambaye wanafunzi wamezoea kumwita dami, anaweza kuwa mtu aliyefundishwa kuigiza ugonjwa, au pakawa na kiungo tu, kama vile mkono wa mpira wenye mishipa ya kutolea damu.

Hata hivyo, kifaa peke yake hakifanyi mwigo. Mkufunzi akionyesha namna ya kuingiza mpira wa mkojo huku wanafunzi arubaini wakichungulia juu ya mabega ya wenzao, hilo ni onyesho, na onyesho lina faida yake. Mwigo huanza pale mwanafunzi anapokabidhiwa mgonjwa mwenye umri, historia na malalamiko, akaachwa aamue mwenyewe la kufanya, kisha akakalishwa chini aeleze aliamua nini na kwa nini.

Je, ni jambo jipya lililoletwa na kompyuta?

Sivyo. Mwaka 1911 shule ya wauguzi ya Hospitali ya Hartford, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ilianza kutumia mwanasesere mwenye kimo cha mtu mzima aliyetengenezwa na Martha Jenkins Chase, mama aliyekuwa akitengeneza wanasesere wa watoto. Wanafunzi walimwita Bibi Chase, wakamgeuza, wakamwogesha na kumvisha nguo, na matoleo ya baadaye yakawekewa sehemu ya kudungwa sindano. Mwaka 1960 Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea kutoka Stavanger, Norwe, alitoa mwanasesere Anne wa kujifunzia kupuliza pumzi mdomoni, ambaye uso wake ulinakiliwa kutoka kwa sura ya msichana asiyejulikana anayesemekana kuopolewa mto Seine, Paris. Mwaka 1963 daktari Howard Barrows wa Los Angeles alianza kuwatumia watu wenye afya kuigiza wagonjwa wa mishipa ya fahamu. Hunifurahisha kwamba wawili kati ya hao watatu riziki yao ilikuwa vitu vya kuchezea watoto.

Na kwa Mswahili jambo hili halikupaswa kuonekana geni hata kidogo. Somo anayemfunda mwari huonyesha, humtaka arudie mbele yake, humkosoa faraghani, na hamwachi mpaka aone mkono umezoea.

Kwa nini wanafunzi wasipelekwe wadini moja kwa moja, kama ilivyokuwa zamani?

Zamani ndivyo tulivyofanya, na wengi wetu tulidunga sindano yetu ya kwanza katika mwili wa mtu ambaye hakuulizwa kama ameridhia kuwa wa kwanza. Sababu ya kubadilika si huruma peke yake. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji bado huiita Makadara, ndiyo ya rufaa kwa eneo zima la pwani na hupokea wanafunzi wa vyuo kadhaa, kiasi kwamba kitanda kimoja huzungukwa na makoti meupe mengi kuliko jamaa waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Katika umati kama huo mwanafunzi hutazama zaidi kuliko anavyotenda.

Zaidi ya hayo, dharura haifuati ratiba ya chuo. Mwanafunzi anaweza kumaliza majuma yake yote ya wadi ya wazazi bila kumwona mama akishikwa na kifafa cha mimba, na siku kitakapotokea, jambo la kwanza atakaloambiwa ni asogee kando awapishe wenye ujuzi, kama inavyostahili. Miezi michache baadaye huyo huyo ndiye anayekuwa peke yake kwenye zamu ya usiku katika zahanati. Mwigo humhakikishia kila mwanafunzi kwamba walau mara moja aliwahi kuwa yeye wa kuamua.

Je, mwigo unaweza kuchukua nafasi ya mazoezi ya wadini?

Kwa sehemu tu. Utafiti mkubwa unaorejelewa sana katika suala hili ni wa baraza la kitaifa linalounganisha bodi za wauguzi za Marekani, uliochapishwa mwaka 2014. Uliwafuata wanafunzi zaidi ya 600 wa shule 10 katika makundi matatu: kundi lililofanya mwigo usiozidi asilimia 10 ya saa za vitendo, kundi la asilimia 25 na kundi la asilimia 50. Mwisho wa masomo hapakuonekana tofauti ya maana baina yao, wala katika miezi sita ya mwanzo kazini. Wanaopenda kuutaja husahau masharti yake: wakufunzi walikuwa wamefunzwa kuendesha mwigo, vifaa vilitosha, na kila kipindi kilifuatwa na kikao cha tafakari kilichoongozwa ipasavyo. Chuo kinachopunguza saa za wadini kwa sababu tu kimenunua wanasesere wawili hakiwezi kujificha nyuma ya matokeo hayo. Hapa Kenya mtaala na usajili viko mikononi mwa Baraza la Wauguzi, na ndilo lenye kauli kuhusu saa zinazotakiwa.

Mimi naongeza hili kutokana na uzoefu. Mwanasesere hana harufu, hana mama mkwe anayesubiri mlangoni akiuliza kila baada ya dakika mbili, na hachoki saa tisa za usiku. Nani wa kumhudumia kwanza kati ya wagonjwa kumi na wanane ni jambo linalofundishwa na wadi.

Kipindi kimoja huendeshwaje?

Nitaeleza kipindi cha kutoka damu baada ya kujifungua, kwa kuwa ndicho ninachokiendesha mara nyingi na ndicho kinachoonyesha mengi.

Kwanza huwapo utangulizi wa dakika kumi. Wanafunzi wanne huingia chumbani, huonyeshwa kila kitu kilipo, huambiwa mwanasesere anaweza nini na hawezi nini, na hufahamishwa kwamba yatakayotokea humo hayatasimuliwa nje. Kisha hupewa mgonjwa: mama wa miaka 26 kutoka Mtongwe, uzazi wake wa tatu, aliyecheleweshwa na foleni ya feri na kujifungua dakika chache baada ya kufika. Mtoto analia vizuri. Kondo limetoka.

Anayeigiza mama ni mkufunzi mwenzangu aliyejifunga kiunoni kifaa cha uzazi chenye tumbo la mpira, tangi dogo la damu ya kuigiza, na mji wa mimba ambao yeye mwenyewe anaweza kuukaza au kuulegeza bila wanafunzi kuona. Amejifunika leso. Akifungua bomba, damu huteremka taratibu chini ya leso, bila kishindo chochote, na hiyo taratibu ndiyo mtego wenyewe.

Katika kipindi kimoja ninachokikumbuka, mwanafunzi wa kwanza alipima presha, wa pili akaandika, wa tatu akamfunika mtoto, na wa nne akasimama akishika glavu zilizobaki. Mama akasema, "Sista, naona kisunzi." Mmoja akamjibu apumzike, ni uchovu. Dakika sita zilipita kabla ya mkono wowote kuwekwa tumboni. Mwanafunzi aliyeuweka alitambua mara moja, kwa sababu nilikuwa nimewaambia darasani kwamba mji wa mimba uliojikaza huwa mgumu kama dafu, na uliolegea huwa kama unga wa mahamri uliokwisha umuka. Akapaza sauti, "Oksitosini!", yaani dawa ya kuukaza mji wa mimba ili damu ikome, bila kutaja kipimo wala kumtaja wa kuileta, na wote watatu wakaielekea trei kwa pamoja.

Nikaliacha liendelee. Kazi ngumu ya mkufunzi katika mwigo ni kunyamaza, na nakiri kwamba ilinichukua miaka kuizoea. Walipokwisha kumkanda, kumtoa mkojo, kumdunga uniti 10 za oksitosini msulini na kumwita daktari kwa simu, nikasimamisha. Yote yalikuwa yamechukua dakika kumi na tatu.

Kwa nini kikao cha tafakari huwa kirefu kuliko mwigo wenyewe?

Kwa sababu mwanafunzi akitoka kwenye mwigo huwa na mapigo ya moyo ya juu na kumbukumbu iliyovurugika, na asipopata mtu wa kumsaidia kuipanga, atakachobaki nacho ni aibu au sifa, ambavyo vyote viwili havimtibu mgonjwa. Kanuni yangu ni kwamba mwigo wa dakika kumi na tano hudai tafakari ya dakika thelathini. Vyuo vinavyobana muda hukata kikao hiki kwanza. Bora wangekata mwigo.

Huanza kwa kuwaacha waseme walivyojisikia, kwa sentensi moja moja, ili joto lishuke. Kisha tunarudi kwenye tukio na kuliendea hatua kwa hatua. Siulizi, "Kwa nini hukumshika tumbo?" kwa maana swali hilo lina jibu ndani yake na mwanafunzi hubaki kujitetea. Huuliza alichokuwa akifikiri. Siku ile mazungumzo yalikwenda hivi:

"Mlipoiona leso imelowa, mlifikiri nini?"

"Nilidhani ni damu ya kawaida ya uzazi, Mwalimu."

"Kawaida ni kiasi gani?"

"Labda mililita mia mbili."

Nikaikamua leso ndani ya beseni, nikaimimina damu kwenye jagi la jikoni lenye alama. Ilifika mililita 550. Hakuna aliyesema neno. Kiwango kilichozoeleka cha kuhesabu kwamba mama anatokwa na damu kupita kiasi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida ni mililita 500, na inajulikana vyema kwamba macho ya wahudumu, hata wazoefu, hukadiria pungufu. Ndiyo sababu utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2023, ulitumia karatasi ya plastiki yenye alama za vipimo inayowekwa chini ya mama badala ya kukisia, pamoja na tiba zote za awali kutolewa kwa mpigo mmoja. Matatizo makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Mwanafunzi anaweza kuisoma takwimu hiyo asubuhi na kuisahau adhuhuri. Jagi lile hawakulisahau.

Mwishoni huwauliza watafanya nini wadini Jumatatu. Jibu lisilo na kitendo ndani yake, kama vile "nitakuwa makini zaidi," silipokei. Jibu nililolipokea siku ile lilikuwa: "Nitaweka mkono tumboni kabla ya kushika mashine ya presha, na nikiomba dawa nitataja jina la mtu, jina la dawa na kipimo."

Mwanafunzi akicheka au akilia katikati ya mwigo, ifanyweje?

Kicheko cha dakika ya kwanza kiachwe kipite chenyewe. Ni woga uliovaa nguo nyingine. Kilio kina uzito zaidi, hasa katika miigo ya kifo cha mtoto au mama, kwani huwezi kujua nani amezika nyumbani kwao hivi karibuni. Mwambie mapema kila mwanafunzi maudhui ya kipindi, mpe ruhusa ya kutoka bila kueleza, na uwe na mwenzako wa kumfuata nje. Mimi sipendi mwigo ambao mgonjwa hufa kwa kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Humfundisha hofu, na hofu tayari anayo ya kutosha.

Chuo chetu hakina fedha. Je, tusubiri mfadhili?

Msisubiri. Niliwahi kufundisha mahali ambapo mwanasesere wa bei kubwa, mwenye sauti ya mapafu na macho ya kupepesa, alikaa sandukuni mwaka mzima kwa hofu kwamba wanafunzi wangemharibu. Tulipomtoa hatimaye, betri zilikuwa zimevuja. Wakati huo huo wanafunzi walikuwa wakijifunza kudunga sindano kwenye machungwa ya Kongowea, na walijifunza vizuri, kwa sababu ganda la chungwa huikataa sindano kidogo kabla ya kuiachia, karibu kama ngozi inavyofanya.

Damu ya kuigiza tunaipika wenyewe kwa maji, unga wa wanga kidogo na rangi nyekundu ya chakula, ile ile inayotia wekundu mabuyu na kubaki kwenye vidole vya watoto hadi jioni. Kwa hiyo pima kwanza kwenye kitambaa chakavu. Kidonda hutengenezwa kwa sifongo. Kushona hufanywa kwenye mguu wa mbuzi kutoka buchani, kukiwa na meza yake maalumu na sabuni. Mwanasesere wa mtoto mchanga aliyebuniwa kwa nchi zenye uwezo mdogo husafirishwa akiwa bapa kama mfuko mtupu. Ukimjaza lita mbili za maji ya uvuguvugu huwa na uzito na ulegevu wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi, na mwanafunzi anayempokea mara ya kwanza humshika kichwa bila kuambiwa. Hakuna kompyuta ndani yake.

Gharama isiyokwepeka ni muda wa mkufunzi. Mwigo wa wanafunzi wanne wanne kwa darasa la sitini ni vipindi kumi na vitano, na mkuu wa chuo asiyelipanga hilo kwenye ratiba amenunua mapambo.

Hali ya hewa ya pwani ina athari gani kwa vifaa?

Kubwa kuliko vitabu vya maelekezo vinavyodhani. Joto na unyevu hufanya mpira unate na kupasuka mapema, ncha za betri hupata kutu, na ngozi ya plastiki hunyonya wino: usimlaze mwanasesere juu ya gazeti hata kwa saa moja, kwa kuwa habari za jana zitabaki mgongoni mwake. Mfute, mkaushe kabisa, mpake unga wa wanga kwenye mikunjo, toa betri, na umweke mbali na dirisha.

Anayeigiza mgonjwa anapaswa kuwa nani, na azungumze lugha gani?

Si lazima awe mwigizaji. Wazee waliostaafu, akina mama wa mtaani na wanafunzi wa idara nyingine hufaa sana wakifundishwa kisa kimoja mpaka wakijue kwa moyo, pamoja na mipaka: lini aseme, lini anyamaze, na wapi hataguswa. Apewe nauli na kitu cha shukrani.

Lugha ndiyo sehemu ambayo vyuo vyetu hukosea. Masomo hufundishwa kwa Kiingereza, kisa huandikwa kwa Kiingereza, halafu mgonjwa wa kuigiza naye hujibu kwa Kiingereza safi kwamba maumivu yake ni saba kati ya kumi. Hakuna bibi wa Kisauni anayesema hivyo. Husema mwili wamkata, moyo wamwenda mbio, au amekaliwa na kitu kifuani, na huanza kwa habari za mjukuu kabla ya kufika kwenye choo kilichobadilika rangi. Mwanafunzi hana budi kujifunza kulichambua hilo, kulipeleka kwa daktari kwa lugha ya kitabibu, na kurudi kumweleza bibi kwa maneno yake. Mwigo wa Kigiriama au Kidigo, ambamo mwanafunzi asiyejua lugha hiyo hulazimika kutafuta mkalimani, nao una mafunzo yake. Hususan pale mkalimani anapokuwa mtoto wa mgonjwa na swali linahusu faragha ya mamake.

Kuna pia suala la stara. Mwanasesere hulala uchi, na mwanafunzi aliyemzoea hivyo huja kumfunua mama wa watu wadini kama anavyofunua kabati. Kwa hiyo kwetu mwanasesere hufunikwa leso, mlango hufungwa, mwanafunzi husalimu, hujitambulisha, huomba ruhusa, na hufunua sehemu anayoihitaji peke yake. Akisahau, mwigo haumsubiri, mkufunzi anayetoa sauti ya mgonjwa huuliza, "Mwanangu, wanivua mbele ya nani?"

Kuna ushahidi kwamba wagonjwa wenyewe wananufaika?

Upo, na sehemu yake nzuri imetoka kwa jirani zetu Tanzania. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yaliyozinduliwa mwaka 2010 na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani pamoja na washirika wake, hujengwa juu ya ile Dakika ya Dhahabu: mtoto asiyepumua akaushwe, achochewe apumue, na aanze kupewa hewa kwa mfuko na kinyago kabla ya sekunde 60 kwisha. Matokeo ya hospitali nane za Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikipungua kwa asilimia 47.

Hata hivyo, jambo ambalo ningependa kila mkuu wa chuo alisome lilitokea Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja, na miezi saba baadaye walifanya vizuri zaidi kwa mwanasesere, lakini namna walivyowahudumia watoto halisi haikuwa imebadilika. Hapo wakageuza mpango: mwanasesere akawekwa kwenye wadi ya uzazi yenyewe, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, wakiwa kazini. Vifo vya saa 24 za mwanzo vikapungua. Njia hiyo ya kidogo kidogo na mara nyingi ilikuja kuwa mhimili wa mpango wa hospitali 30 za Tanzania, ambao ripoti yake ya mwaka 2025 ilionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000.

Kwa hiyo nikiulizwa mara ngapi, jibu langu ni kwamba dakika kumi kila wiki ni bora kuliko siku nzima ya semina yenye chakula cha mchana na vyeti. Kukandamiza kifua cha mtu mzima ambaye moyo wake umesimama ni mfano mwingine: mdundo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, ni rahisi kuukariri, lakini mikono huusahau ndani ya miezi michache isiporudishwa kazini.

Je, mwigo utumike kwenye mtihani?

Unatumika tayari. Mtihani wa vituo, ambao mwanafunzi huzunguka kutoka meza hadi meza kengele ikilia, ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1975 na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti. Tatizo hutokea pale kila kipindi kinapogeuka mtihani. Mwanafunzi anayejua anapewa alama huficha asichokijua, na mwigo wa kujifunza unataka akifichue. Tenganisheni siku, na ikiwezekana tenganisheni vyumba.

Miwani ya uhalisia pepe je?

Miwani hiyo, inayomwonyesha avaaye wadi iliyochorwa na kompyuta, inasaidia katika kupanga mawazo na kufuata hatua. Haifundishi kidole kuutafuta mshipa. Chuo chenye fedha kiinunue baada ya kununua glavu.

Je, tutumie dawa halisi zilizokwisha muda katika mazoezi?

Hapana, na katika hili sina mjadala. Chupa ya dawa iliyokwisha muda ikiachwa kwenye trei ya mazoezi ina njia nyingi za kurudi wadini, hasa pale chumba cha mazoezi kinapopakana na hospitali na wanafunzi huenda huku na huku wakiwa na mifuko mikubwa kwenye makoti yao. Dripu za mazoezi nazo zina hatari ya namna hiyo hiyo kwa upande mwingine: mwaka 2014 nchini Marekani, maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mafunzo tu, ambayo hayakuwa yameuawa vijidudu, yalifika katika kliniki za kawaida, na wagonjwa zaidi ya 40 wakawekewa mshipani. Wengi walishikwa na homa na kutetemeka, baadhi wakalazwa.

Jazeni chupa zenu maji ya bomba, mzibandike karatasi ya rangi kali iliyoandikwa kwa herufi kubwa MAZOEZI TU, mzihesabu kabla na baada ya kila kipindi, na mzifungie kwenye kabati ambalo ufunguo wake haukai na ule wa stoo ya dawa. Kabla wanafunzi hawajavuka barabara kurudi wadini, wageuze mifuko ya makoti nje. Wiki iliyopita kulitoka sindano mbili na leso moja iliyolowa rangi ya mabuyu.